Trei ya seva haikai mpaka niipige kiganja: wenzo niuweke wapi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Tuna karakana ya kukata na kukunja bati hapa Dar es Salaam. Mteja ametuagiza kasha la seva la 2U (U ni kizio cha kimo cha raki) lenye trei nne, mbili juu na mbili chini, zinazochomolewa kwa nyuma. Kila trei ina bodi ya kompyuta na konekta mbili kubwa zinazoingia kwenye bodi ya katikati ya kasha. Sampuli ya kwanza tuliiwekea kishikio cha kuvutia tu. Trei inaingia kwa shida mpaka uipige kwa kiganja, na kuna wakati kompyuta inawaka vizuri lakini diski moja haionekani. Ukiichomoa na kuirudisha, inaonekana. Mteja hataki kishikio kinachojitokeza nje wala kinachoziba matundu ya hewa, na nyuma ya raki yake kuna sentimita 70 tu hadi ukutani. Nimefikiria springi za kusaidia kusukuma, au skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Mwenzangu anasema wenzo mfupi wa sentimita nne unatosha. Kipi ni sahihi?"*

Ndugu fundi, umeuliza kuhusu kishikio, lakini mimi naanza na hiyo diski inayopotea na kurudi, kwa sababu ndiyo inayotaja ugonjwa wenyewe. Trei yako haifiki mwisho.

Konekta zinazotengenezwa ili zichomekwe huku umeme upo hazina pini za urefu mmoja. Pini za ethi ndizo ndefu na hugusa kwanza. Zinafuata za umeme. Za mawasiliano ni fupi zaidi, na mara nyingi iliyo fupi kuliko zote ndiyo inayoiambia mashine kwamba kifaa kimeshakaa. Mpangilio huo ni wa makusudi, ili mawasiliano yasianze kabla ethi na umeme havijatulia. Sasa trei iliyobakiza milimita moja au moja na nusu inapata umeme wake wote: feni zinazunguka, taa zinawaka, na kila aliye chumbani anaridhika. Kumbe pini fupi zimegusana kwa ncha. Feni zikitikisa kasha kwa saa kadhaa, au bati likitanuka kidogo kwa joto, pini moja inaachia na diski inatoweka. Ukichomoa na kurudisha unakuwa umezisugua upya, kwa hiyo diski inaonekana tena na unaamini umetengeneza. Kuwaka kwa mashine, basi, usikuhesabu kuwa ushahidi wa trei kukaa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadhani mpini wa trei ni wa kuvutia. Kazi yake kubwa ni kuingiza, na kazi kubwa zaidi ni kuishikilia trei katika kina kilekile mwaka mzima. Kuvuta kunafuata nyuma. Na kiganja hakiwezi kuchukua nafasi hiyo. Pigo la kiganja lina nguvu nyingi kwa muda mfupi mno, tena halitui katikati. Linasukuma kona moja zaidi ya nyingine, na konekta inaingia kwa pembe. Kabla hujarudia jaribio lolote, chukua tochi na kioo cha kukuzia uangalie pini za bodi ya katikati. Ukiona hata moja imelala, usiinyooshe kwa koleo. Nitarudi kwenye hilo mwishoni.

Tupige hesabu ya nguvu, maana bila namba tutabishana bure. Hukutaja idadi ya pini, kwa hiyo nachukulia kila konekta ina 200 na kila pini inahitaji nyutoni 0.5 kuingia. Hicho ni kiwango cha kawaida, lakini thibitisha kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Pini 400 ni nyutoni 200. Ukiwa na vidole vya springi vya kuzuia mawimbi ya redio pembeni mwa trei, ongeza 30. Uzito wa trei ya kilo 5 ukiburuzwa juu ya bati unaongeza kama 10. Jumla ni nyutoni 240, yaani kama kunyanyua mzigo wa kilo 24, tena kwa vidole, nyuma ya raki, umesimama upande. Haishangazi kwamba mnapiga kiganja.

Nguvu hiyo haiyeyuki kwa kuweka wenzo. Unailipia kwa safari. Konekta ina milimita 5 hivi tangu pini ya kwanza iguse mpaka mwisho, ongeza moja ya akiba, ziwe 6. Wenzo ambao mkono wake mfupi, kutoka egemeo (pini unayozungukia) hadi pua (ncha inayokamata ukuta wa kasha), ni milimita 10, na mkono mrefu, kutoka egemeo hadi kidole, ni milimita 80, unapunguza jitihada mara 8: nyutoni 30. Msuguano wa egemeo na pua utakula sehemu yake, kwa hiyo tegemea 40. Hiyo kidole kinaiweza. Lakini pua ikisafiri milimita 6, kidole kinasafiri karibu 48. Swali lako la nafasi, kwa hiyo, linageuka kuwa hili: hizo milimita 80 za urefu na 48 za safari utazificha wapi?

Wenzo wa mwenzako wa sentimita nne hauna miujiza. Kwa mkono mfupi uleule wa milimita 10, unapunguza jitihada mara 4 tu: nyutoni 60, na kwa msuguano zaidi ya 75, zikikaa kwenye ukingo wa chuma wenye upana wa kidole kimoja. Utaumiza, na mtumiaji atarudi kwenye kiganja. Anaweza kukujibu kwamba atafupisha na pua pia iwe milimita 6, na kweli uwiano utakaribia 7. Ila sasa wenzo unapaswa kuzunguka karibu nyuzi 60 ukiwa na mzigo, na kati ya tundu la pini ya egemeo na ncha ya pua inabaki chuma nyembamba sana. Nyenzo za namna hiyo zipo kwenye vishikio vya diski ndogo, ambako konekta ni moja na nguvu ni chache. Kwa mzigo wako sizipendekezi.

Springi za kusaidia kusukuma zitakusaliti. Springi inayokusaidia kuingiza itakupinga kutoa, na inayokusaidia kutoa inasukuma konekta ziachane usiku na mchana, jambo ambalo ndilo unalolikimbia. Springi ina nafasi moja tu hapa, nayo ni ndogo: springi nyepesi ya kuinua ncha ya wenzo nyuzi 10 au 15 komeo linaloushikilia likiachiwa, ili kidole kipate pa kushika. Hiyo inakuokolea nafasi kweli, kwa sababu huhitaji tena kuacha mwanya wa kidole nyuma ya mpini uliolala.

Skrubu ni wazo la heshima, na ningelichagua kama trei ingefunguliwa mara moja kwa mwaka. Skrubu ya M4 ina hatua ya milimita 0.7 kwa kila mzunguko, kwa hiyo safari ya milimita 6 ni mizunguko minane na nusu. Vidole vya kawaida vinaweza kutoa zaidi ya nyutoni 300 kwayo, na kichwa chake kinakula kipenyo cha milimita 10 tu usoni. Kasoro ni tatu. Skrubu mbili zikikazwa moja baada ya nyingine zinapindisha trei, labda mtumiaji awe na subira ya kuzungusha kidogo huku na kidogo kule. Pili, skrubu ya kawaida ukiifungua haisukumi trei nje. Inaachia tu, na kazi ya kuvuta nyutoni zote hizo inabaki kwa mkono, isipokuwa umeiwekea kola ya kuizuia pande zote mbili. Tatu, skrubu haina hisia. Kitu kikikwama ndani, wenzo utagoma na mkono utajua. Skrubu itaendelea kukaza mpaka plastiki ya konekta ipasuke.

Njia nyingine ambayo huenda utakutana nayo ni bamba lenye mifereji ya mshazari, linalovutwa mbele ili literemshe au lipandishe kadi. Ni jembamba kweli, lakini msuguano unalila. Kwa mfereji wa nyuzi 10, hesabu kavu inakupa upungufu wa jitihada mara 5.7, weka msuguano wa 0.15 na unabaki na mara 3, huku bamba likihitaji milimita 28 za safari kuzaa 5. Liweke akiba kwa kadi zinazoingia wima ndani ya kasha, si kwa trei inayoingia mlalo.

Tubaki na wenzo, sasa tuulaze vizuri. Uso wa trei yako ni mdogo. U moja ni milimita 44.45, 2U ni 88.9, ukitoa bati la juu, la chini, la katikati na nafasi za kupumulia, kila trei inabakiwa na kimo cha milimita 41 hivi kwa upana wa karibu 216. Kimo ndicho adimu. Kwa hiyo kata wenzo kutoka bamba la milimita 2 na uulaze bapa, uzunguke mlalo, sambamba na sakafu ya trei. Hivyo unakula milimita 2 tu za kimo, na upana wake wa milimita 12, ambao ndio unaobeba mzigo, unalala kwenye kina ambacho unacho tele. Usiogope wembamba huo. Nyutoni 40 kwenye milimita 80 zinazaa mkazo wa megapaskali 67 hivi kwenye bamba la 2 kwa 12, na chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 huanza kupinda kabisa baada ya 200. Panua tu bamba liwe milimita 18 kuzunguka tundu la egemeo, maana tundu linaondoa nyama.

Usilaze wenzo ndani ya trei na kuutolea mpasuo kwenye uso. Mpasuo wa milimita 95 kwa 3 unaonekana mdogo, lakini kwa mawimbi ya redio urefu ndio unaovujisha, si kimo. Badala yake kunja sakafu ya trei ngazi ya milimita 4 kwenda juu, upana wa 110, kina cha 22 kutoka usoni, na wenzo ulale chini ya ngazi hiyo, nje kabisa ya eneo la umeme. Hakuna mpasuo, na hakuna chuma kinachozunguka chini ya bodi. Nguzo za bodi ziwe milimita 8 badala ya 6 ili miguu ya viunganishi vya nyuma isiguse ngazi. Weka na karatasi ya kuhami juu yake. Eneo lililopotea usoni ni milimita za mraba 440 kati ya karibu 8,900, asilimia 5, tena pale chini ambapo usingetoboa matundu ya hewa kwa vyovyote.

Egemeo liwe pini ya milimita 4, kitovu chake milimita 9 kutoka uso wa nje wa ubavu wa trei. Ukiongeza upenyo wa nusu milimita na bati la ukuta la milimita 1, pua inakutana na ukuta milimita 10 kutoka egemeo, kama tulivyohesabu. Ncha ya pua ifike milimita 12. Pini ishikwe pande mbili, juu na ngazi yenyewe, chini na kipande cha bati cha upana wa milimita 25 kilichofungwa kwa ribiti mbili. Ikishikwa upande mmoja tu, nyutoni karibu 280 zitailaza, na baada ya miezi michache wenzo utakuwa unacheza.

Mwendo wake ni huu. Mtumiaji akifunga, kishikio kinaingia ndani na pua inatoka kuelekea kwake, inakamata ukingo wa karibu wa tundu la ukutani na kuivuta trei ndani. Akifungua, pua inaenda ndani, inasukuma ukingo wa mbali, na trei inatoka. Kazi yenyewe inafanyika kwenye nyuzi 35 za mwisho, nusu kabla na nusu baada ya pua kuwa pembe mraba na ukuta. Hapo unapata milimita 6. Lakini wenzo ufunguke hadi nyuzi 70, kwa sababu pua lazima irudi ndani ya ubavu wa trei ndipo trei iteleze. Mafundi wengi wanasahau hizo nyuzi 35 za ziada, halafu wanakuta pua inakwaruza ukuta njia nzima.

Mfuatano wa matukio ni muhimu kuliko umbo. Kwanza pini za kuongoza, zenye ncha iliyochongoka, ziingie milimita 10 kabla ya konekta. Halafu pua iingie tunduni. Kisha ndipo pini za konekta ziguse. Pua ikichelewa, mtumiaji atakuwa ameshaanza kusukuma nyutoni mia kwa mkono kabla wenzo haujashika. Mwisho trei igonge kizuizi cha chuma, robo milimita kabla plastiki za konekta hazijabanana. Ule mgongano wa mwisho usiubebeshe konekta hata kidogo. Fikiria pia yule atakayesukuma trei huku wenzo umefungwa, maana yupo katika kila chumba cha seva: pua iliyochomoza inapaswa kugonga ukingo wa kasha milimita kadhaa kabla konekta hazijakutana, na ukingo huo uwe imara kustahimili. Kwa upande wa pili, trei ikiwa haijafika, pua isipate tundu na wenzo usifunge. Hapo mtu anaona kwa macho kwamba trei haijakaa, bila kusubiri diski ipotee.

Sasa jambo ambalo michoro mingi haionyeshi: nguvu inarudi wapi? Nyutoni 240 zinazoivuta trei ndani zinauvuta ukuta wa kasha nje, na 200 kati yake, zile za konekta, zinaisukuma bodi ya katikati mbele. Bati la milimita 1 lenye tundu karibu na ukingo litapinda kama halina mkunjo. Acha angalau milimita 8 za chuma kati ya tundu na ukingo, kunja ukingo huo, na ribiti kipande cha milimita 1.5 kuzunguka tundu. Bodi ya katikati iwekewe mhimili wa chuma nyuma yake, katikati ya konekta za juu na za chini, kwa sababu trei nne kwa pamoja zinaisukuma kwa karibu nyutoni 800. Kila milimita ambayo kasha linapinda ni milimita ambayo konekta haifiki. Nashuku kwamba sehemu ya tatizo la sampuli yako iko hapa, na wenzo mzuri kupita wote ungeshindwa kwenye ukuta unaolegea.

Makosa ya vipimo nayo yanajumlishana. Mkunjo ukikosea 0.2, tundu 0.1, pua 0.1, bodi ya kompyuta 0.2 na bodi ya katikati 0.3, katika siku mbaya umekosa milimita 0.9, na akiba ya mguso wa pini fupi huenda ni 2 tu. Viwanda vikubwa vinatatua hili kwa kuweka unyumbufu ndani ya wenzo. Kwa karakana yako kuna njia rahisi: matundu ya kufungia bodi ya katikati yawe marefu kwa milimita 1, tengeneza trei moja ya jigi, yaani ya kupimia nyingine, yenye vipimo vya uhakika, ifunge kwa wenzo, sukuma bodi ya katikati mpaka konekta zifike kina sahihi, ndipo ukaze. Mlolongo mzima unabaki na kosa la trei peke yake.

Wenzo mmoja kwa kila trei unatosha. Najua hofu ni kwamba trei itaingia kombo, kama droo pana ya kabati inayokwama ukiisukuma kona moja. Lakini wakati konekta zinapogusana, trei imeshaongozwa kwa karibu nusu mita. Ulegevu wa jumla wa milimita 1 kwenye urefu huo unazaa tofauti ya 0.3 tu kati ya konekta zilizoachana milimita 150. Kwa trei ya upana kamili wa kasha, weka nyenzo mbili. Nyenzo zote ziwe upande uleule, tuseme kushoto, na trei za kulia zikamate ukuta wa katikati. Ukizifanya za kulia na kushoto ziangaliane, utapata sura nzuri na aina mbili za trei zisizobadilishana, na mteja atakulaumu siku ya kwanza ya hitilafu.

Sentimita 70 zinatosha, ila kwa taabu. Trei za namna hii huwa na urefu wa sentimita 50 hadi 60, kwa hiyo mtu atasimama ubavuni na kuitoa kwa mikono miwili. Weka komeo la pili la kuisimamisha ikiwa imetoka nusu, isije ikaanguka mguuni, na andika wazi kwamba wenzo si mpini wa kubebea. Waya za mtandao za trei ya juu zielekezwe pembeni. Zikining'inia mbele ya trei ya chini, wenzo wake hautafunguka. Mkono wa kukunja nyaya usiufunge kabisa kwenye kasha hili, kwani unafunika mlango wa trei na kuzuia hewa ya moto.

Kama unataka kulinganisha na kazi za wenzetu, tafuta mchoro wa bodi za AdvancedTCA, kiwango cha bodi za mitambo ya mawasiliano, ambazo zimebanana kwa milimita 30.48 tu kila moja. Wenzo wake mmoja una swichi ndogo: ukiufungua nusu, mfumo unajua unataka kuchomoa, unajizima kwa utaratibu, na taa ya bluu ikitulia bila kupepesa ndipo unatoa. Nakushauri uache nafasi ya swichi ya namna hiyo, ibonyezwe katika nyuzi 5 za mwisho za kufunga, hata kama mteja hajaitaja. Kadi za mtandao za OCP NIC 3.0, kiwango cha wazi cha kadi za seva, nazo zina aina tatu za kufungia: kichupo cha kuvuta chenye skrubu ya kidole, wenzo wa kuchomolea, na kufuli la ndani ambalo haliguswi mpaka kifuniko cha seva kifunguliwe. La tatu linaacha uso wote kwa viunganishi, lakini seva lazima itolewe kwenye raki, na kwa nafasi ya mteja wako hilo halifai.

Rangi ya ncha ya wenzo usichague kwa kupendeza. Watengenezaji wengi hutumia rangi ya chungwa au ya matofali kwa kinachoweza kutolewa umeme ukiwepo, na bluu kwa pa kushika penye kuhitaji kuzima kwanza. Kuhusu chuma, upo pwani: bati lenye zinki hushika kutu kwenye kingo zilizokatwa na leza, kwa hiyo wenzo na pini viwe vya chuma kisichoshika kutu. Lakini chuma hicho kikisuguana na chenyewe hung'ang'ania na kulika; weka bushi nyembamba ya shaba nyeupe au ya bronzi kwenye egemeo, na kilainishi kikavu. Mafuta ya maji maji yatatembea mpaka kwenye konekta.

Kupima, anza bila konekta halisi. Tengeneza kizuizi cha mbao chenye springi kinachopinga kwa nyutoni 240, funga na kufungua wenzo mara 1,000, kisha pima kwa vernia kama tundu la egemeo limepanuka au ukingo wa ukuta umepinda. Konekta zenyewe mara nyingi zimehesabiwa kuchomekwa mara 200 hadi 500, usizimalize kwenye majaribio. Halafu weka konekta, funga mizani ya ndoano kwenye ncha ya wenzo na usome jitihada: chini ya kilo 4 na nusu ni vizuri, zaidi ya 6 kuna kitu kinakwaruza. Mwisho pima kina cha uso wa trei kutoka ukingo wa kasha kwenye kona zote mbili, kwa trei zote nne. Tofauti ya zaidi ya nusu milimita irudishwe kwenye jigi.

Kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako. Pini zilizolala kwenye bodi ya katikati zipelekwe kwa fundi wa elektroniki mwenye vifaa vya kubadilisha konekta. Pini iliyonyooshwa inaweza kuharibu konekta ya kila trei itakayoingia hapo. Na kama mteja anataka trei zitolewe umeme ukiwepo, mhandisi wa umeme wa bodi aje akae nawe juu ya mchoro kabla hujakata bati. Trei ya wati 500 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 40, na bila saketi ya kuzuia mkondo wa ghafla cheche zitachoma pini hata kama wenzo wako hauna kasoro. Muulize mambo matatu: pini ipi hugusa mwisho na ina akiba ya milimita ngapi, nguvu halisi ya kuingiza konekta zote mbili, na swichi ya wenzo iunganishwe wapi. Ukipata namba hizo, rekebisha mkono mfupi wa wenzo kwanza. Mkono mrefu uache kama ulivyo.